Tupokigwe na Saa Tano Ambayo Haikuwepo

Tupokigwe alipokuja kupanga chumba kwangu, hapa Sogea, Tunduma, kitu cha kwanza alichoshusha kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilikuwa friji. Cha pili kilikuwa friji. Godoro lilikuja mwisho. Nilisimama mlangoni nikajiuliza atalala wapi, maana chumba chenyewe ni hatua nne kwa tano.

"Unauza vinywaji?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Siagi."

Siagi ninayoijua mimi inakaa dukani juu ya rafu, jua linaipiga kutwa, na haijawahi kudai friji. Nilifikiri labda ananificha kitu, na mimi nina binti, Irene, ambaye wakati huo alikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. Mpangaji mwenye siri si mtu wa kuweka ukuta mmoja na binti yako. Kwa hiyo nikaanza kumwangalia.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Ikinga, kule milimani Ileje. Watoto wake wawili walikuwa huko kwa mama yake. Alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Mbeya kwa miaka minane, akianzia kuosha vyombo hadi kusimamia vifungua kinywa. Hakuwa msemaji. Kilichonishangaza zaidi ni kipimajoto alichokibeba kwenye pochi, kirefu kama kalamu, chenye ncha ya chuma. Alikuwa akikichomeka popote. Siku moja nilimkuta amekitumbukiza kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa. Akasema, "Kumi na sita," akakifuta kwa leso, akaondoka zake.

"Maji yana homa?" nikamuuliza.

"Najifunza nyumba yako, mama. Ukuta huu wa nyuma ni wa baridi kuliko ule wa barabarani. Friji zitakaa huku."

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa biashara yake. Kuna siagi fulani inayotengenezwa Zambia. Si siagi tupu, wala si ile ya rafuni. Wanachukua siagi ya maziwa, wanaichanganya na mafuta ya mimea, ili uitoe kwenye baridi na uipake kwenye mkate papo hapo bila kuuchana. Hoteli zinaitaka, na waoka mikate wa Vwawa na Mbeya wanaitaka. Lakini kwa kuwa ina maziwa ndani, haitakiwi kuonja joto hata kidogo tangu inapotoka kiwandani. Kwenye kopo wameandika isizidi nyuzi nane. Ikilainika halafu ikaganda tena, inakuwa na chenga chenga kama uji uliokosewa, na inaweza kumdhuru mtu.

Aliniwekea kidogo kwenye mkate. Ilikuwa na chumvi ya mbali na harufu ya majani mabichi. Nikala vipande vitatu, cha tatu kwa kujificha.

Kuivusha, sasa, ndiyo ilikuwa kazi. Tupokigwe alikuwa na jalada la plastiki lenye mifuko ndani, na kila mfuko ulikuwa na karatasi yake: kibali cha kuingiza chakula, kibali kingine kwa sababu ya yale maziwa, cheti cha afya kutoka kiwandani, majibu ya maabara, na karatasi ya lebo, maana lebo ilitakiwa iseme kwa Kiswahili ni nini hasa kimo ndani na kwa kiasi gani. Kila karatasi ilikuwa na mwisho wa uhai wake. Hii ikipatikana, ile inakaribia kufa. Alihangaika miezi saba, Vwawa, Mbeya, Dar es Salaam, anarudi na mguu umevimba, anafungua jalada, anaongeza karatasi moja.

Jirani yangu Eva, anayekaanga chipsi pale kona, alikuwa akimtania kila akipita.

"Tupo, hiyo siagi yako ina vitambulisho kuliko mume wangu."

"Mume wako hata cha mpiga kura hana," Tupokigwe akamjibu bila kusimama.

"Si uigawe kwenye ndoo tu, akina mama wakuvushie. Nakonde ni hapo, unavuka barabara. Mchele unapita, sukari inapita, siagi ina nini?"

"Ndoo haina friji, dada. Nikifika na ndoo Mbeya, mpishi ataniuliza karatasi. Nitamwonyesha ndoo?"

Mimi nilikuwa upande wa Eva, kusema kweli. Nimezaliwa Momba, shangazi zangu wawili wameolewa Nakonde, ng'ambo Zambia, na tangu utoto tumekuwa tukivuka kwenda misibani na sokoni kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Lakini nilikuwa nikimwangalia Tupokigwe anavyoandika, na udadisi ulinizidi. Nilitaka kuona mwisho wake.

Mzigo wake wa kwanza kwa jina lake mwenyewe ulifika Jumatatu ya mwanzo wa Julai. Makopo elfu mbili na mia nne, kwenye lori la friji kutoka Lusaka. Dereva alikuwa anaitwa Clever, kijana wa kwao Nakonde kabisa, mwenye adabu, aliyekuwa akiniita mayo, yaani mama kwa Kibemba chao. Kama mzigo huo ungekubaliwa, kibali cha Tupokigwe kingeendelea na hoteli tatu zilikuwa zinangoja. Kama ungekataliwa, ungeteketezwa wote, na jina lake lingebaki kwenye kumbukumbu kuwa aliwahi kuleta chakula kibaya. Hilo la pili ndilo lililokuwa linamtisha. Aliniambia, "Siagi nitapata nyingine, mama. Jina sipati."

Alikuwa na daftari. Ndani ya lori kulikuwa na kifaa cheupe kinachoandika joto chenyewe, lakini kilikuwa mali ya kampuni ya lori, na kumbukumbu zake zilitumwa na ofisi yao ya Lusaka. Tupokigwe hakukiamini peke yake. Alipiga mistari kwenye daftari la shule, kila saa mstari wake, na akafanya makubaliano na Clever kuwa aandike kila anaposimama njiani. Lori lilipofika Nakonde, Tupokigwe alivuka alfajiri, akakaa nalo, na kuanzia hapo akaandika mwenyewe kila saa. Juu ya ukurasa aliandika kwa herufi kubwa: HADI NAKONDE SAA ZA ZAMBIA. KUANZIA TUNDUMA SAA ZA TANZANIA.

Saa sita na nusu alirudi nyumbani mara moja kuoga. Lori lilikuwa limeshavuka na lipo kwenye yadi ya ukaguzi, na mkaguzi alikuwa amesema warudi saa nane. Aliweka jalada na daftari mezani kwangu.

"Nakuja sasa hivi, mama. Inabidi niwe kule saa saba kuandika."

Nikafunua daftari. Nilitaka tu kuona. Mwandiko ulikuwa safi, namba zimenyooka kama askari. Saa moja, nyuzi tatu. Saa mbili, tatu. Saa tatu, nne. Saa nne, nne. Saa tano, hakuna kitu. Saa sita, nne.

Nafasi tupu.

Lazima nieleze hapa. Zamani nilipokuwa navusha mchele, fomu yangu iliwahi kurudishwa kwa sababu niliacha mstari mmoja wazi, ule wa jina la kampuni, na mimi sikuwa na kampuni. Nilipoteza siku nzima, mchele unanyeshewa. Tangu hapo nikiona nafasi tupu kwenye karatasi inayokwenda kwa mkubwa, mkono unaniwasha. Nikafikiri, masikini, amechoka, amesahau mstari mmoja, na hawa watu watamtoa roho kwa mstari mmoja. Juu nne, chini nne. Katikati itakuwa nini kama si nne? Nikachukua kalamu yake hiyo hiyo, nikaandika nne, nikaiga hata kale kamkia anakoweka. Nikafunga daftari. Moyo wangu ulitulia kama mtu aliyefunga kifungo cha shati la mtoto kabla hajaingia kanisani.

Saa za Nakonde nazijua tangu nikiwa msichana. Wao wako nyuma yetu saa moja. Ukitoka kule saa nne, huku ni saa tano tayari, na ukikaa saa nzima kabla ya kupima tena, ni saa sita. Kila mtu wa Tunduma anajua. Lakini siku ile sikufikiria saa. Nilifikiria nafasi.

Nilimsindikiza kwenye yadi, nimebeba chupa ya chai. Mkaguzi aliitwa Bwana Samwel, mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kusoma karatasi kwa kidole. Alisoma jalada lote, mfuko kwa mfuko. Alipanda kwenye lori, akachoma kipimajoto chake kwenye makopo ya mbele, ya kati, ya nyuma. Akashuka akiwa ameridhika, niliona mabega yake yameshuka. Kisha akakaa kwenye meza yake pale yadini, akaomba kumbukumbu za kile kifaa cheupe.

"Zinatoka Lusaka, bosi," Clever akasema. "Leo na kesho kule ni sikukuu. Ofisi imefungwa mpaka Jumatano."

"Basi nipeni daftari."

Kidole kikashuka. Kikafika mahali kikasimama. Kikarudi juu kwenye yale maandishi makubwa, kikashuka tena.

"Mama Tupokigwe. Ulitoka Nakonde baada ya saa nne ya kule."

"Ndiyo."

"Kipimo kilichofuata ulikichukua hapa yadini, saa sita ya huku."

"Ndiyo."

"Saa tano uliipima wapi?"

"Saa tano haikuwepo," Tupokigwe akasema. "Ndiyo maana nili..."

Akainama kuangalia. Akaiona ile nne.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile. Aliiangalia muda mrefu, kisha macho yake yakapita kwa Clever, yakaja kwangu, yakakaa. Nikahamishia chupa ya chai mkono wa pili.

"Unaona shida yangu," Bwana Samwel akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Una joto la saa ambayo haikuwepo. Mtu anayeweza kupima saa ambayo haipo anaweza kuandika namba zote akiwa kitandani. Sasa nikiamini saa nne yako, naiamini kwa nini? Makopo ni ya baridi sasa hivi, sawa. Jana je?"

Tupokigwe akasema, "Namba hiyo si yangu. Lakini daftari ni langu."

"Ni ya nani?"

Alikuwa anajua, na hakusema. Bwana Samwel alivuta fomu, akaanza kujaza sehemu ya sababu za kukataa.

Nilifikiria vitu vingi kwa muda mfupi. Nilimfikiria Irene akisikia mama yake yuko polisi kwa kughushi. Nilifikiri, nikinyamaza, nani atajua? Halafu nikamwona Tupokigwe amesimama na ule mguu wake uliovimba, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba."

Clever akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na simlaumu.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye mchele na ile fomu na mvua, na Bwana Samwel akaniacha nifike mwenyewe. Kisha akaniambia niandike nne kumi kwenye karatasi. Nikaandika. Akazilinganisha na ile ya daftari. Akaniambia niandike nne moja kama ninavyoandika siku zote, bila kuiga, nikaandika, akaguna. Aliandika maelezo yangu, akanisomea, nikasaini.

"Kwa hiyo daftari limeguswa na mtu ambaye hakuwepo," akasema. "Siwezi kulitumia. Mama Tupokigwe, una kitu kingine chochote kinachoonyesha safari ilikwendaje?"

Tupokigwe akageuka kuliangalia lori.

"Kipo, lakini si cha kiserikali."

Alipanda kwenye lori na Clever, wakasogeza maboksi, wakatoa moja la katikati kabisa lililowekewa alama ya utepe mwekundu. Ndani, kati ya makopo, kulikuwa na chupa ndogo ya kioo yenye mfuniko, imejazwa ile siagi. Juu ya siagi, katikati, palikaa kokoto moja jeusi, dogo kama punje ya hindi.

Bwana Samwel akaishika chupa kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Kokoto la Ikinga. Bibi yangu alikuwa anatikisa maziwa kwenye kibuyu, anapata siagi, anashuka nayo mlimani kuuza. Wanunuzi walikuwa wanamshuku kuwa imeyeyuka njiani na kuganda tena mtoni. Basi anaweka kokoto juu, mbele ya shahidi kutoka nyumbani. Ikilainika, kokoto linazama. Hata ikiganda tena, kokoto halirudi juu. Mimi nimefundisha watu wa kiwandani waniwekee moja kila mzigo. Waliona ni uchawi."

Mkaguzi akaigeuza chupa pembeni, akaipeleka kwenye mwanga. Kokoto halikuwa limezama hata kwa unene wa ukucha. Lilikuwa limekaa tu, kama limewekwa dakika ile.

"Clever," akasema, "wewe ulijua habari hii?"

"Nilijua, bosi. Nilikuwa naendesha kama nimebeba mayai."

Bwana Samwel alicheka kidogo, kisha akakumbuka kazi. "Kokoto siwezi kuliandika popote," akasema. "Halina sehemu kwenye fomu." Akaitazama ile fomu aliyokuwa ameanza. Akaiweka kwenye mtoto wa meza bila kuisaini. "Lori litafungwa kwa lakiri. Friji iendelee kuwaka. Jumatano nikipata kumbukumbu za Lusaka, nitaamua kwa hizo."

Siku mbili zile Tupokigwe hakunisemesha. Alikuwa anakwenda yadini asubuhi, anakaa kwenye kigoda karibu na lori anasikiliza mlio wa friji, anarudi. Neno pekee aliloniambia nyumbani ni, "Chumvi iko wapi." Jumanne nilimpelekea ugali na mboga ya maharage hadi geti la yadi. Alikula. Alipomaliza alinirudishia bakuli, akasema, "Kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa bafuni, hatua sita."

Nikasema ukweli. "Sikufikiri ni swali. Nilifikiri ni pengo."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Ile nafasi niliiacha kwa makusudi. Nilikaa nikaifikiria. Nikasema nikiiruka kwa mstari, wataona nimefuta. Nikiandika maneno, watauliza. Nikasema niiache wazi, mtu yeyote wa mpakani ataelewa." Akanitazama. "Mtu yeyote wa mpakani."

Ilinichoma, na nilistahili.

Jumatano, kumbukumbu zilifika kabla ya saa sita. Bwana Samwel alituita wote watatu. Alikuwa na karatasi za kile kifaa, zenye mstari uliopinda pinda kidogo kama njia ya mchwa. Kifaa hakijui mpaka. Kilikuwa kimeandika saa za Lusaka mwanzo hadi mwisho. Basi ikawa hivi: Clever anasoma saa ya kifaa, Tupokigwe anaongeza moja pale walipovuka, na mkaguzi anatafuta kwenye daftari. Saa tatu, nne, iko. Saa nne, nne, iko. Hapo Bwana Samwel akaweka kidole kwenye ile nne yangu.

"Clever, baada ya saa nne kinasema nini?"

"Saa tano, nne."

"Ongeza moja," akamwambia Tupokigwe.

"Saa sita. Nne."

"Iko." Kidole kikaruka juu ya mstari wangu kama mtu anayeruka dimbwi. "Hii hapa kifaa hakiijui."

Waliendelea hadi mwisho. Hakuna palipopishana zaidi ya nusu nyuzi. Walichukua makopo sita ya sampuli, na mchana ule mzigo uliruhusiwa. Tupokigwe alipewa pia barua ya onyo kuhusu utunzaji wa kumbukumbu, aitie kwenye jalada. Aliisoma mara mbili, akaiwekea mfuko wake.

Wakati tunatoka, Bwana Samwel alimwita.

"Mama, lile kokoto. Je, lingekuwa zito zaidi, lingezama kwa nyuzi ngapi?"

"Sijui," Tupokigwe akasema. "Bibi hakuwa na kipimajoto. Lakini mimi ninacho. Nitakujaribia."

Na kweli alijaribu. Wiki nzima jikoni kwangu kulikuwa na chupa tano zenye makokoto ya ukubwa tofauti, ameziweka karibu na jiko, mbali na jiko, dirishani, na kipimajoto kinatembea kati yake. Irene alikuwa anaandika majibu. Nilipika nikiwa nimebanwa ukutani na sikulalamika.

Mzigo wa pili ulikuja Septemba. Siku mbili kabla yake Tupokigwe alikaa mezani akapiga mistari kwenye daftari jipya. Safari hii alitengeneza safu mbili, saa ya Nakonde na saa ya Tunduma zikitembea bega kwa bega. Pale pa kuvukia, bado aliacha nafasi moja wazi kwenye safu ya Tunduma. Nilimwuliza kwa nini asiweke hata alama.

"Nataka ikae hivyo," akasema.

Kisha akanipa kalamu. Alisema yeye atakaa na lori upande wa Nakonde, na likivuka atakuwa anashughulika na karatasi, kwa hiyo anahitaji mtu yadini wa kusoma joto na kuandika. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa juu ya ukurasa, na mbele yake, "mwandishi wa pili". Nilisema sitaki. Alisema, "Mama Irene, wewe hutakosea tena mahali hapa. Mwingine atakosea."

Siku hiyo nilikaa kwenye kile kigoda, daftari magotini. Lori likaingia. Nikasoma joto kwenye kioo cha friji, nikasoma mara ya pili, nikamwomba Clever naye asome. Nikaiona ile nafasi tupu, nyeupe, kati ya namba za Tupokigwe na mahali pangu. Nilipitisha kidole juu yake. Mkono uliniwasha. Nikaangalia saa, ikawa sita kamili, nikashuka mstari mmoja chini, nikaandika tatu kwa mwandiko wangu mwenyewe, usio na kamkia.